Banda la Nyuma ya Mashine

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nimesimama kwenye ngazi za ukumbi mmoja pale Masasi mjini, barua ya kuomba ukumbi iko mkononi, na meneja wake ananiambia kwa upole kabisa kwamba Jumamosi yangu ameshampa mtu mwingine. Kuna harusi, akasema, na wenye harusi wameshalipa yote. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kwa mdomo tu kupunguziwa bei, na ahadi yenyewe hakuna aliyeiandika popote. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Jana ulipokuja na wenzako kunieleza mnavyozunguka kutafuta mahali pa kufanyia mkutano wenu wa kujitolea, na kila ukumbi bei hamuiwezi, nilicheka kidogo, ukanitazama kama umeudhika. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi wa siku ile. Ndiyo maana nimekuita leo. Kaa hapa kwenye jamvi, zima hiyo simu kidogo, nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani, nashonea kwenye baraza la nyumba moja Mkomaindo, si mbali na hospitali. Watu waliniita Fundi Somoe; hili la Mama Zuhura limekuja baadaye. Nilikaa na mdogo wangu Asumini. Asumini aliugua homa kali akiwa na miaka mitatu, Mungu akamponya, lakini kusikia hakukurudi tena. Mama yetu alipofariki nikamchukua. Mwaka huo ninaokusimulia alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mimi, na kwa kupiga pasi na kushona vifungo hakuna mteja aliyewahi kurudisha kazi yake. Tuliongea kwa mikono, kwa alama zetu wenyewe za nyumbani ambazo mtu mwingine hakuzijua.

Siku moja mama mmoja alikuja kushonesha sare ya mwanawe, akatuona mimi na Asumini tunabishana kwa mikono kuhusu rangi ya uzi. Alikaa barazani mpaka jioni, anatuangalia tu. Mwanawe alikuwa kiziwi. Wiki iliyofuata akaja na mwenzake, na mwenzake akaja na jirani yake. Baadaye tukampata Athumani, seremala kijana wa Newala, kiziwi mwenyewe, aliyekuwa amesomea mbali kwenye shule ya viziwi na akarudi na lugha ya alama kamili. Kila baada ya wiki mbili alishuka kutoka Newala kwa lori, akatufundisha, akarudi. Hakuna aliyemlipa, na sisi hakuna aliyetulipa. Mwenye uji alileta uji, mwenye jamvi alileta jamvi.

Baraza likajaa. Tukakubaliana tufanye siku moja kubwa, familia zote zenye viziwi za Masasi na Newala zikutane, zifahamiane, zijifunze alama za mwanzo. Tulichagua mwezi wa sita, shule zimefungwa na mahindi yameshavunwa. Tangazo lilisomwa misikitini na makanisani, kuanzia Mkunya mpaka Chiungutwa. Kazi ya kutafuta mahali nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mjini na nilijua kusema.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nitakwambia bila kulipunguza. Kanisa moja lilitupa veranda yake bure. Nikakataa, nikaona ni kama tumehurumiwa. Shule moja ilitupa darasa. Nikasema darasa lina vumbi. Mimi nilitaka ukumbi wenye feni, wenye mapazia, meza ya mbele ina kitambaa cheupe na mgeni rasmi amekaa nyuma yake. Kwa nini? Kwa sababu pale sokoni wapo watu waliozoea kumwita mdogo wangu bubu mbele yangu, na nilitaka wapite nje ya ule ukumbi watuone tunaingia. Nilijiambia nawatafutia viziwi heshima. Kumbe heshima niliyoitafuta ilikuwa yangu.

Basi Jumatano ile nikashuka ngazi za ukumbi na barua yangu. Alhamisi asubuhi nikawarudia wale niliowakataa. Kumrudia mtu uliyemkataa, mwanangu, miguu inakuwa mizito kama umepita kwenye tope. Veranda ya kanisa ilikuwa imeshachukuliwa na wanakwaya. Mwalimu mkuu wa ile shule alikuwa amesafiri na funguo ziko mfukoni mwake. Nikajaribu na madrasa, chumba nilipewa kwa moyo mmoja, lakini nilipokihesabia watu, nusu yao wangekaa nje juani. Saa sita mchana nikarudi barazani, nikalaza kichwa juu ya cherehani. Nilikuwa nikiwafikiria wale watakaotoka Mkunya na gunia la chakula chao, wafike mjini wakute hakuna mlango hata mmoja unaowasubiri. Wangerudi kwao wakijua kwamba hata sisi tuliosema tunawajali tumewadanganya.

Asumini akanigusa bega. Unga umekwisha, akaniambia kwa mikono, twende mashineni.

Mashine ya kusaga tuliyoizoea ilikuwa ya Mzee Chipoka, mzee mfupi ambaye nyusi zake kutwa zilikuwa nyeupe kwa unga, hujui ipi ni mvi na upi ni unga. Mwezi wa sita watu wanasaga mahindi mapya, na foleni ilikuwa ndefu. Ukiingia mle ndani huongei. Unamwekea mwenzako mdomo sikioni na bado anakuuliza umesema nini. Ardhi inatetemeka, kuta zinatetemeka, meno nayo yanatetemeka.

Tumekaa kwenye foleni, Asumini akaondoka. Nikamwona amesimama nyuma kwenye banda kubwa la matofali lililoshikana ukuta na mashine. Zamani lilikuwa ghala la mahindi, sasa lilikuwa halitumiki, limejaa pumba na magunia yaliyochakaa. Milango yake ilikuwa mipana, lori linaingia. Akaniita kwa mkono. Nilipofika akanionyesha banda lote kwa mzunguko wa mikono miwili, halafu akafanya alama ya Jumamosi.

Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo. Nikamwonyesha mashine, nikaziba masikio yangu, nikakunja uso. Akagusa sikio lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akainua mabega, akacheka. Mimi nikazidi kukataa. Mikono ikawa inaruka, watu kwenye foleni wakaanza kutuangalia, na mimi hasira za siku mbili zote nikazimalizia kwa mdogo wangu.

Ghafla kukawa kimya. Mzee Chipoka alikuwa amezima mashine. Alikuja huku akijifuta mikono kwenye kaptura.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Mnagombania nini wewe na mwenzako?"

"Hatugombani, babu. Huyu anataka Jumamosi tufanyie mkutano wetu kwenye banda lako. Namwambia haiwezekani, hapa pana kelele."

"Kelele zitamsumbua nani?"

Nikageuka kumtazama Asumini.

"Mkutano wenyewe ni wa kina nani?" akauliza tena, taratibu, kama hana hata mteja mmoja anayemsubiri.

"Wa viziwi, babu. Na familia zao."

"Na hao viziwi uliwauliza wanataka mahali pa namna gani?"

Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Nilitamani mashine iwashwe. "Sikuwauliza," nikasema.

"Umezunguka mji mzima kuwatafutia watu pa kukaa, na wao hujawauliza wanakaaje." Hakupandisha sauti. "Mmoja wao huyo hapo, umezaliwa naye tumbo moja. Muulize. Mimi nasubiri, na hawa wenye mahindi watasubiri."

Mwanangu, nilikuwa nimeishi na Asumini maisha yake yote. Nilimsemea sokoni, nilimsemea hospitali, nilimsemea kwa wajomba. Lakini nilipogeuka pale na kumuuliza kwa mikono, wewe unataka mahali pa namna gani, niliona macho yake yanabadilika, nikajua kwamba swali kama lile sijawahi kumuuliza.

Akajibu polepole ili nimtafsirie babu. Nataka mwanga, akasema, nione mikono ya watu. Nataka tukae tunatazamana nyuso. Ule ukumbi wako niliuona, una mapazia, kuna giza, na viti vyote vinatazama upande mmoja. Mle ningekaa kutwa naangalia visogo vya watu.

Nilipomaliza kumtafsiria, Mzee Chipoka aliitikia kwa kichwa. "Umesikia?" akaniuliza, na mama mmoja kwenye foleni akaguna, mh, ile ya kukubali.

Halafu akatuambia masharti yake. Banda lile hakuna aliyelitaka kwa sababu ya kelele. Kila aliyekuja kulipanga alikimbia. Basi tulifagie, pumba tuzitoe, na jioni ya Jumamosi tumwachie likiwa zuri kuliko tulivyolikuta. Hiyo ndiyo kodi yake. "Ila mashine sitaizima," akasema. "Jumamosi watu wanasaga, watoto wao wanasubiri ugali. Mkiweza kukaa na mlio wake, karibuni."

Ijumaa tulifagia mpaka tukafanana naye kwa unga. Athumani alifika kutoka Newala na sanduku lake la seremala, akaomba ruhusa kwa Mzee Chipoka, akapanda juu, akafungua mabati mawili. Jua likashuka katikati ya banda kama maji. Mabenchi tuliazima, mengine Athumani aliyapigilia papo hapo kwa mbao chakavu. Mimi nikaanza kuyapanga mistari, kwa mazoea, na meza mbele. Asumini akaja nyuma yangu akayavuta yote yakawa duara. Safari hii sikubishana naye. Nilichukua upande wa pili wa benchi, tukavuta pamoja.

Jumamosi asubuhi Asumini na binti mwingine kiziwi walisimama stendi na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa: MKUTANO WA VIZIWI, TUFUATENI. Nilitaka kwenda nao kuwasemea. Asumini akanielekeza kwenye sufuria za uji.

Mpaka saa tatu hawakuwa wamefika hata kumi. Niliendelea kukoroga uji uliokwisha kuiva. Saa nne nikatazama njia ya kutoka stendi, na nakuambia, mwanangu, mwiko uliniponyoka. Asumini alikuwa mbele, boksi juu ya kichwa, na nyuma yake kuna watu wamejaza njia. Akina mama wa Newala na watoto mgongoni. Mzee mmoja kiziwi wa Mkunya aliyevaa koti la suti, hajawahi kukutana na kiziwi mwenzake tangu azaliwe. Vijana wa baiskeli wamepakia ndugu zao. Walipita katikati ya soko, palepale nilipokuwa nataka watu watuone, na sikuwa na habari tena kama kuna anayetuona.

Waliingia, wakakaa duara, mabenchi yakajaa, waliobaki wakakaa majamvini. Mtendaji wa kata alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi. Akasimama, akakohoa, akafungua karatasi yake. "Ndugu wananchi," akasema, na hapohapo Mzee Chipoka akawasha mashine.

Tuliona midomo ya mtendaji inacheza, basi. Akajaribu kupaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka, wapi. Sisi tunaosikia tulibaki tunatazamana kama wageni. Na viziwi, mwanangu, hao walikuwa wameshaanza mazungumzo yao. Mikono ilikuwa inaruka kutoka upande huu wa duara hadi ule, watu wanacheka, na hakuna hata mmoja anayesumbuka. Watoto waligundua ule ukuta ulioshikana na mashine, wakaenda kuuegemea kwa viganja na mashavu, wakawa wanauhisi unavyounguruma, wanachekeana. Kwa mara ya kwanza sisi wenye masikio ndio tuliopitwa.

Athumani akaenda pale mbele ya mtendaji, akamkunjia ile karatasi taratibu, akamrudishia. Akamshika mikono, akamfundisha alama ya kukaribisha. Mtendaji alikuwa mtu mzima mwenye tumbo lake na cheo chake, akaifanya mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Banda zima likamjibu, mikono juu, inatikisika kwenye lile jua la mabati. Hotuba yake iliishia hapo, na alikaa na sisi mpaka jioni bila kuaga.

Kutoka hapo hakuna aliyehitaji kulazimishwa. Ukitaka uji, lazima uombe kwa mikono. Ukitaka maji, kwa mikono. Kufika adhuhuri, akina mama ambao asubuhi waliona haya kuinua hata kidole walikuwa wanagombea kumuuliza Athumani alama.

Sasa sikia habari ya Baba Neema. Alikuwa mkulima wa Chiungutwa, aliyefiwa na mkewe, alikuja kwa baiskeli na binti yake wa miaka tisa kwenye keria. Neema alikuwa na tabia moja: kila baada ya muda alijigusa paji la uso kwa vidole viwili, akishusha kidogo kuelekea kwenye nyusi. Alifanya hivyo na pale bandani, akimtazama baba yake. Nikamwona Baba Neema anaingiza mkono mfukoni, anatoa kipande cha karatasi kilichofungiwa vidonge.

Athumani alikuwa karibu. Akamzuia, akamuuliza mtoto jambo kwa mikono, wakaongea kwa alama za kubuni, mtoto akimwonyesha na kurudia. Kisha Athumani akamwita Asumini, Asumini akaniita mimi, na tukatoka nje wote watano, tukaenda mbali kidogo na mashine ili baba yule anisikie.

"Baba Neema," nikamuuliza, "hizo dawa ni za nini?"

"Za kichwa," akasema. "Kinamsumbua tangu mdogo. Akijigusa hivi najua kimeanza, nampa nusu kidonge. Mara nyingine anatema. Nimempeleka hospitali hawaoni kitu."

Nikawatazama wenzangu. Asumini akanihimiza niseme.

"Haumwi kichwa," nikamwambia. "Anakuita. Hilo ndilo jina lako."

Baba Neema alikuwa amevaa kofia ya kitambaa, ya kukinga jua, ukingo wake umeshuka mpaka kwenye nyusi. Alivaa kofia ile kila siku ya maisha yake. Mtoto, kabla hajajua kutembea vizuri, alikuwa amempa baba yake jina kwa ile kofia, na kwa miaka yote ile alimwita, na kila alipomwita alipewa kidonge kichungu.

Yule baba alichuchumaa. Akamtazama binti yake, halafu akajigusa paji la uso, vidole viwili, akashusha. Kisha akajielekeza kifuani: mimi? Neema akaitikia kwa kichwa, akarudia lile jina, mara moja, mara mbili, mara nyingi, anaruka, na kila akiita baba anajibu kwa kujipiga kifuani, ndiyo, ni mimi, nipo. Vidonge vilikuwa vimeshaanguka chini na hakuna aliyeviokota. Asumini alilia, mimi nililia, na Athumani, ambaye alipenda kuonekana mgumu, alikwenda kukagua tairi la baiskeli ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Walirudi ndani wameshikana mikono. Kabla jua halijapungua, Baba Neema alikuwa anajua alama ishirini na mbili. Najua idadi kwa sababu alikuwa akimhesabia kila mtu aliyempitia.

Jioni tulifagia, tukapaka chokaa ukuta mmoja, Athumani akarekebisha bawaba za mlango. Mzee Chipoka alikuja kukagua, akazunguka banda lote, akasimama pale jua lilipokuwa linaingia. Athumani alikuwa tayari na nyundo kurudishia mabati. Mzee akamzuia. "Mvua bado," akasema. "Yaacheni hivyo, mtarudi mwezi ujao." Na tukarudi. Tulikutania pale miaka kumi na moja, mpaka Newala nao wakapata mahali pao tukawa tunapokezana. Asumini ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na mimi nilikuwa mkalimani wake, wala si msemaji wake. Neema unamjua, ndiye mwalimu aliyemfundisha alama mtoto wa dada yako.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayokuusia. Kabla hujagonga mlango wa ukumbi wowote, waulize watakaokaa humo wanahitaji nini, maana huenda unachotaka kukilipia hakuna aliyekiomba. Nendeni mkaangalie na mahali palipokataliwa na wengine, mkichunguza sababu yenyewe. Yawezekana kinachowakimbiza wao ninyi hakiwahusu kabisa. Ukipewa veranda, shukuru uingie, usiwasubirishe watu kwa ajili ya kitambaa cha meza. Kama fedha hamna, mikono mnayo, na mwenye nyumba muungwana ataipokea, mradi mfagie kweli na mkarabati kweli. Makubaliano yaandikeni, hata kwa jirani. Na pakiwa na mtu kati yenu ambaye mmezoea kumsemea, siku hiyo nyamazeni mumwache aongoze njia.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu akufungulie mlango ulio sawa na haja yenu, akupe wazee wa kukukosoa bila kukudhalilisha, na watu unaowaita wafike salama, wale, wacheke, waelewane. Na wewe akujaalie uishi uone waliokuwa watoto kwenye mkutano wako wakiitisha wa kwao. Amina.